Kiraka si dawa ya Land Rover iliyooza

Anayetafuta gari kuukuu la kununua huambiwa mapema atembee na sumaku mfukoni. Unaipitisha ubavuni mwa gari, na pale inapokataa kunata ujue chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti kuna kutu. Kwa Land Cruiser ya zamani mtihani huu unaaminika. Kwa Land Rover haufai kitu. Sumaku itaanguka kuanzia madigadi ya mbele mpaka ubavu wa nyuma, na muuzaji atakuangalia tu akijichekea, maana sehemu kubwa ya bodi ile ni alumini.

Kinachotakiwa hapo ni bisibisi. Fungua mlango wa dereva, inua mpira wa sakafuni, piga magoti, kisha chomeka bisibisi kwenye pembe ya chini, kisigino cha dereva kinapokaa. Ikipenya ukaona ardhi upande wa pili, mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Magari haya bado tunayo, na si ya maonyesho tu. Ni kweli, Oktoba 2024 mamia yake yalijipanga barabarani Arusha kwenye tamasha la Land Rover, yakiwa yamesuguliwa hadi kung'aa. Lakini nenda Longido au Simanjiro siku ya mnada uone mengine, yamejaa watu mpaka juu ya keria. Kenya nako, kuna yaliyounganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland miaka ya 1970 ambayo hadi leo yanapanda vilima. Injini si tatizo kubwa; spea zake zinapatikana, na isipopatikana ya kwake fundi atakuwekea ya gari jingine. Kinachoyaua ni bodi na chesisi. Hapo anahitajika mtu mwingine kabisa, yule wa nyundo, mkasi wa bati na mashine ya kuchomelea.

Bahati nzuri ni kwamba gari hili liliundwa katika shida, na shida ile ndiyo inayomsaidia fundi wetu leo. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na madeni. Chuma kiligawiwa kwa mgao, na kampuni iliyotaka kupata zaidi ilipaswa kuonyesha kwamba itauza nje. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, na kwenye shamba hilo alikuwa akitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani. Akaona wanaweza kutengeneza ya kwao. Chuma kilikuwa adimu, lakini alumini ilikuwepo, kwa sababu viwanda vilivyokuwa vikitengeneza ndege za kivita vilikuwa vimepunguza kazi. Wakachukua alumini iliyochanganywa na magnesi, iliyojulikana kwa jina la Birmabright, wakaitumia kwa bodi. Chesisi wakaiunda kwa kukata sahani bapa za chuma na kuzichomelea ziwe boksi. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa Amsterdam.

Jambo la pili ndilo muhimu zaidi kwa habari yetu. Rover hawakutaka kutumia fedha nyingi kwa kalibu kubwa za kugandamizia mabati, kwa kuwa gari hili walilihesabu kama la kupitishia muda hadi soko la magari ya kifahari lirudi. Kwa hiyo bodi ikachorwa kwa vipande vilivyonyooka, vinavyokunjwa ukingoni kwa mashine rahisi au hata kwa mkono. Angalia Series I, toleo la kwanza: ubavu ni ubao wa alumini uliosimama wima, madigadi ni boksi, mlango ni fremu iliyovikwa ngozi ya alumini. Hata Series II ya mwaka 1958, iliyopewa mviringo kidogo ubavuni, haikuacha mtindo huo. Kufikia 1976 Land Rover milioni moja zilikuwa zimetoka kiwandani, na karibu kila kipande cha nje kinaweza kukunjwa upya chini ya mwembe.

Nasema karibu, kwa sababu kuna kipande kimoja kinachotoa jasho. Kati ya injini na miguu ya dereva kuna ukuta. Huo si alumini, ni chuma. Umebeba nguzo za mlango, bawaba, kioo cha mbele, dashibodi na usukani. Na tangu Series II, kanyagio za breki na klachi zinaning'inia kutoka kwenye ukuta huo huo, zikiwa zimefungwa kwa bolti juu ya kisanduku cha miguu, yaani lile boksi miguu ya dereva inapokaa. Ukioza, gari halichakai sura tu. Unakanyaga breki, na badala ya nguvu yote kwenda kwenye mafuta ya breki, sehemu inaishia kulikunja bati.

Kwa nini uoze hapo? Tairi la mbele hurusha tope nyuma, tope likajipachika kati ya madigadi na ukuta. Kwa nje linakauka. Kwa ndani linabaki na unyevu msimu mzima. Juu, chini ya kioo, kuna vijidirisha viwili vya hewa, na maji ya mvua hutuama kwenye pembe zake. Ndani, mwenye gari ametandika zulia zito ili kelele zipungue, nalo zulia linafyonza maji. Chuma kimezingirwa pande zote. Nayo alumini inapofungwa moja kwa moja na chuma, kisha maji yakaingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa: utaona rangi imefura malengelenge, ukiikwangua unakuta unga mweupe. Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako hewa yenyewe ina chumvi, mambo haya huenda mbio. Kuna adui mwingine ambaye watu wa pwani hawamjui. Alumini haijali mvua, lakini magadi inayaogopa. Tope la kandokando ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi huyeyusha ule utando mwembamba unaoikinga alumini, na likiachwa limeganda chini ya madigadi linakula taratibu hadi tundu litokee. Gari likitoka huko lioshwe siku hiyo hiyo, na si boneti peke yake.

Sasa tuingie gereji. Kazi ya kubadilisha kisanduku cha miguu cha upande wa dereva inamtenga fundi na mtu anayejua kuchomelea tu.

Yule wa pili ataona tundu, atakata kipande cha bati kikubwa kuliko tundu, atakipandisha juu ya pale palipooza, atachomelea pembeni kuzunguka, atapaka puti, atapiga msasa na rangi. Jioni gari linaondoka. Kati ya bati jipya na la zamani amebakiza mfuko mwembamba wa kuhifadhi maji, na ndani ya mfuko kuna kutu ileile aliyoikuta. Chuma kilichokwisha kuwa chembamba kama karatasi hakishiki moto wa kuchomelea. Kila ukikigusa tundu linapanuka, naye anaongeza kiraka juu ya kiraka. Nimeona sakafu iliyokatwa ikaonyesha matabaka matatu, yote yameoza. Kazi ya namna hiyo hulipiwa kila baada ya masika.

Fundi wa kweli huanza kwa kutokata. Kwanza anahakikisha gari limesimama sawa na chesisi imekingwa, milango ikiwa mahali pake. Anafunga vyuma viwili vya muda vinavyokatiza uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili ukuta ukishakatwa usisogee. Ukisogea hata milimita tano, mlango hautafunga tena, na hakuna nyundo itakayourudisha bila kuleta tatizo kwingine. Kisha anakata, na anakata mbali: anapita kutu yote, anaingia sentimita mbili tatu ndani ya chuma kizima, pale ambapo bati likigongwa linatoa mlio wa chuma badala ya kuguna.

Kipande kilichooza hakitupwi. Hicho ndicho chenye matundu ya bolti za kanyagio, na hakuna kitabu kitakachokupa vipimo hivyo vizuri kuliko chenyewe. Umbo la jumla linaweza kuchukuliwa upande wa abiria, ambao aghalabu haukuoza sana. Unalipima, unaligeuza, maana pande hizo mbili zinatazamana. Kisha inachukuliwa kartoni. Kama fundi cherehani anavyokata karatasi kabla ya kugusa kitambaa cha mteja, fundi bodi anaikunja kartoni, anaiingiza mahali pake, anaitoa, anapunguza, anaongeza kwa gundi ya karatasi, mpaka ikae bila kusukumwa. Kartoni ya boksi la maji ya kunywa haina bei. Bati lina bei.

Bati lenyewe ni lipi? Geji 28 na 30 tunazoezekea nyumba hazifai. Ni nyembamba mno, na zina zinki. Hapa inatakiwa geji 18, yaani milimita 1.2 hivi, au geji 16 kwa anayependa uzito. Kwenye duka la vyuma linauzwa kwa shiti ya futi 8 kwa 4, na mtu mwenye kisanduku kimoja cha kutengeneza anajikuta amenunua bati la gari zima. Ndiyo sababu kwenye mitaa ya mafundi kama Gerezani na Kamukunji watu wamezoea pipa. Pipa la mafuta la lita 200 likikatwa juu na chini na kufunguliwa, linakupa bati la urefu wa kama mita 1.8 na upana wa sentimita 88, lenye unene wa milimita moja hivi, na chuma chake ni laini, kinakubali kukunjwa. Visanduku vyote viwili vya miguu vinatoka humo na kipande kinabaki. Utakwepa tu ile migongo miwili iliyozunguka tumbo la pipa, au uigonge kwa subira juu ya kipande cha reli.

Lakini pipa lina kifo ndani yake. Lililokuwa na petroli likionekana tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki umechanganyika na hewa na unangoja cheche. Grainda au gesi ya kukatia visilisogelee kabla halijafunguliwa vizibo, likaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, kisha likajazwa maji hadi karibu na mahali pa kukata. Na pipa ambalo hujui lilibeba nini, liache. Ukitaka maoni yangu, bati la dukani ni ghali lakini halijawahi kumlipua mtu.

Michoro ikishahamishwa kwenye bati kwa ncha ya msumari, mkasi unafanya kazi yake. Halafu kukunja. Vinahitajika vyuma viwili vya pembe na jiliwa. Bati linabanwa katikati ya vyuma hivyo, mstari wa kukunjia ukiwa sawa na ukingo, na nyundo ya mbao inatembea kutoka mwisho huu hadi ule, kila safari ikiinamisha kidogo. Anayekunja upande mmoja hadi mwisho ndipo ahamie wa pili hupata bati lililopinda kama limelewa, na halinyooki tena kirahisi.

Bado kuna migongo. Sakafu ya kiwandani ina mistari iliyoinuka, na wengi hudhani ni urembo. Mistari hiyo ndiyo inayolikaza bati. Bila hiyo sakafu hubonyea na kurudi kila unapokanyaga, hutetema barabara ya vumbi nzima, na hatimaye hupasuka pembeni mwa mshono. Kiwanda kina mashine ya kuizungushia. Fundi anachimba mfereji kwenye ubao wa mninga, analaza bati juu, anaweka chuma cha duara cha milimita 12 kufuata mfereji, anagonga taratibu. Hii ndiyo sehemu ninayopenda kuiangalia. Bati linaanza kuinama pembeni, kwa sababu chuma kinachoingia kwenye mfereji kimevutwa kutoka mahali. Fundi anasimama, anageuza, anagonga kingo zirudi chini, anaendelea. Bila mashine kazi hiyo inakula muda, na mteja asiyeelewa huuliza kwa nini asilipishwe nusu kwa kipande kisicho na mistari.

Kuchomelea kunafuata, na hapa haraka inaharibu kuliko kutu. Bati jipya linakutanishwa na la zamani ukingo kwa ukingo, halipandi juu. Linashikwa kwa madoa madogo ya moto: moja huku, jingine kule mbali, la tatu katikati, na kila mara mkono unagusa kuona kama pamepoa. Ukichomelea mstari mmoja mfululizo, joto linavuta bati na linatoa tumbo. Mashine ya waya na gesi inafaa kuliko ya vijiti; mwenye ya vijiti achukue vyembamba na apunguze moto. Na kama kuna zinki karibu, ikwanguliwe kwanza. Zinki huchemka kabla chuma hakijayeyuka, na mvuke wake ukivutwa huleta homa na baridi saa kadhaa baadaye, jioni fundi akiwa nyumbani. Ni rahisi kuidhania malaria. Wengi hunywa maziwa kabla ya kazi wakiamini yanakinga. Maziwa ni chakula kizuri, lakini kinga ni hewa inayopita na zinki iliyoondolewa.

Alumini ina tabia zake. Ukiigonga inakuwa ngumu. Ukiendelea kuigonga inapasuka. Dawa ni kuilainisha kwa moto, na tatizo ni kwamba alumini haibadiliki rangi inapopashwa. Chuma kitakuonya kwa wekundu. Alumini itakaa na weupe wake, na ikifika nyuzi 600 na ushee inaanguka chini kama uji. Mafundi wa magari wa vizazi vilivyopita walikuwa na ujanja ambao kila jiko la huku lina vifaa vyake: kipande cha sabuni ya mche. Unaisugua juu ya alumini, unapitisha moto wa gesi kwa upande wa pili ukiusogeza bila kutulia, na sabuni inapogeuka kahawia iliyoiva kuelekea weusi, ondoa moto. Ikipoa, alumini inakunjika bila kulalamika. Hapo unaweza kutengeneza pembe ya madigadi, mradi usiikunje kwa ncha kali. Iachie mviringo kidogo, angalau wa unene wa bati lenyewe.

Alumini haihitaji kuchomelewa kila mahali. Riveti za alumini zinatosha, kwa sharti kwamba mahali inapokutana na chuma pawekwe kitu cha kutenganisha: rangi pande zote mbili, na utepe uliokatwa kwenye tyubu ya tairi. Riveti za chuma zisitumike, hata kama ndizo zilizobaki koponi. Na praima iwe ile ya alumini. Ya kawaida itabanduka kabla ya mwaka.

Mwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 40, ile iliyotengenezwa tangu 1960 hadi 1984, atakuwa ananisoma kwa kijicho. Bodi ya gari lake ni chuma karibu yote, na iligandamizwa kwa kalibu. Inaoza kingo za chini za ubavu, kizingiti chini ya milango ya nyuma, na kuzunguka matairi. Sehemu bapa zinafuata njia tuliyoieleza. Pembe za nyuma zina mviringo unaokwenda pande mbili kwa wakati mmoja, na hizo hazikunjwi. Zinatandazwa kwa nyundo juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, kisha zinasawazishwa, na penye tumbo panapashwa doa dogo hadi liwe jekundu na kupozwa kwa kitambaa kibichi ili bati lijivute. Mafundi wanaoweza hilo vizuri ni wachache, na wanajua thamani yao.

Je, kila kitu kitengenezwe hapa? Hapana. Uingereza magari yaliyopita miaka 40 hayalipiwi ushuru wa barabara, watu wanayatunza, na hiyo imeleta soko la vipande vipya vya Land Rover, hata chesisi nzima iliyochovywa kwenye zinki. Sakafu, ngozi za milango, visanduku vya miguu na madigadi sioni sababu ya kuvisafirisha kwa meli. Vilichorwa ili vikunjwe. Ukuta mzima ni habari nyingine. Nguzo zikiwa zimeoza juu na chini, hakuna tena mahali pa kupimia, na fundi atakuwa anakisia. Hapo afadhali kuagiza, au kutafuta gari bovu lenye ukuta mzima. Boriti ya nyuma ya chesisi inatengenezeka, lakini kwa sahani ya milimita mbili au zaidi, si kwa bati la pipa. Nimeona ya bati la pipa ikivuta trela.

Kabla ya kumalizia malipo, dai jaribio la maji. Matundu ya kutolea maji chini ya ukuta na kwenye milango yawe wazi, maana mafundi wengi huyaziba kwa puti wakidhani ni kasoro. Ndani ya maboksi ya chuma, ambamo brashi haifiki, pawe pamepuliziwa nta au mafuta mazito. Kisha mpira wa maji ufunguliwe juu ya kioo cha mbele kwa robo saa, mtu akiwa amejifungia ndani na tochi. Land Rover ya zamani isiyovuja sijaisikia, kwa hiyo matone mawili matatu kwenye paja la dereva yasikupe presha. Ukikuta maji yanatoka kwa matundu ya chini na kisanduku cha miguu kikavu, lipa fedha iliyobaki. Ukikuta yametuama penye kisigino, funga mpira wa maji, acha gari hapo hapo, na ondoka na ufunguo.